Saa 61 zimeyeyuka usiku mmoja, wenye gemu kimyaaa

Aisee wadau, jina la hili gemu nabaki nalo mwenyewe. Ni RPG (lile gemu unakuwa mhusika unamkuza levo kwa levo), nimelinunua Steam, duka la gemu la mtandaoni, likiwa bado linapikwa, yani unalipia mapema unacheza huku wao wanaendelea kulijenga, na kabla hujalipa kuna tangazo kabisa linakwambia halijakamilika, so kasoro sina ugomvi nazo, farasi akinasa ukutani nacheka tu maisha yanaendelea.

Shida ni hawa jamaa hawasemi.

Nilikuwa na mpiga mishale wangu nimempa jina Mazengo (mimi Mgogo bwana), levo 23, saa 61 nimetumia. Ijumaa ikaja apdeti ya GB 14. Hapa Nkuhungu, Dodoma, nategemea bando la usiku, nikaiacha inashuka, saa kumi alfajiri naamka kucheki isije ikavuka muda ikaanza kunilia bando la mchana. Asubuhi nafungua, eti sevu za zamani, yani pale ulipohifadhi ulikofikia, hazitumiki tena. Maelezo ya apdeti wametaja mpaka rangi ya kofia waliyobadilisha, la sevu hamna!

Mdogo wangu kanikuta nimekodolea skrini, "Kaka, kuna msiba?" Nikamwambia Mazengo hayupo tena. "Mazengo yupi, wa dukani?"

Nikaingia Discord yao, ukumbi wao wa kuchati, watu kibao wanauliza, anayejibu ni msimamizi wa kujitolea, naye masikini hajui kitu, anarudia tu "tumelipokea". Siku ya 5 ndo wenyewe wakaibuka, oh tulibadili mfumo wa vipaji vya wahusika ikabidi sevu zife. Sasa si mngesema kabla? Na Steam inawaruhusu kabisa kuacha toleo la zamani pembeni, kile kipengele cha Betas, mtu amalize safari yake. Baldur's Gate 3, RPG nyingine, ilikaa majaribio toka Oktoba 2020 mpaka Agosti 2023 na walishasema mapema sevu za majaribio hazitaingia kwenye gemu kamili, unaanza ukijua.

Hela kurudishwa sahau, Steam wanataka uwe ndani ya siku 14 na umecheza chini ya saa 2, mimi naanzia wapi.

Kwenye maoni ya Steam nimebonyeza sipendekezi. Ila mapigano matamu jamani, ule mlio wa kamba ya upinde ikiachia, ndo maana nimeanza upya niko levo 4, apdeti nimeweka isijishushe mpaka nifungue gemu mwenyewe.