Kamera ya gari: kabla ya kuuliza 4K, uliza ina betri gani

Kamera yangu ya kwanza ilikufa kimyakimya. Jamaa alinigonga ubavuni, nikashuka kwa mbwembwe: "Tusibishane, kila kitu kimerekodiwa." Kufungua memori kadi, video ya mwisho ni ya wiki tatu nyuma. Nikaibandua kamera kiooni, kumbe mgongo umefura kama shavu la mwenye jino bovu, mfuniko umeachana na kava lake.

Ni betri ya lithiamu hiyo. Kamera hukaa kwenye kioo cha mbele, palepale jua linapopigia, na gari likifungwa juani, sehemu hiyo inaweza kupita nyuzi 60. Betri ya lithiamu haivumilii joto la namna hiyo kila siku. Huchoka, huvimba, na kamera huanza kusahau tarehe au kujizima. Ndiyo maana siku hizi sitazami kamera isiyotumia superkapasita, kifaa kidogo cha kutunza umeme kinachokaa badala ya betri. Hiyo hutunza umeme wa sekunde chache tu, wa kufungia faili la mwisho ukizima gari, na joto inalistahimili vizuri zaidi.

Muuzaji hawezi kukwambia ipi ni ipi? Muulize itarekodi muda gani ikichomolewa. Akijisifu "nusu saa nzima!", ujue ni betri hiyo, mrudishie.

Namba moja kwangu ni Viofo A119 Mini 2. Ndiyo, napendelea kampuni ya Viofo na sioni haya, maana wamekuwa wakiweka superkapasita hata kwenye kamera zao ndogo. Hii inarekodi 1440p (ukali wa picha ulio kati ya 1080p ya kawaida na 4K), sensa yake, yaani jicho linalonasa picha, ni Sony STARVIS 2, na usiku namba za gari la mbele zinasomeka mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Ni ndogo, inajificha nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma.

Ukitaka na ya nyuma, chukua A229 Pro ya kamera mbili. Mbele ni 4K ya kweli. Ila waya wa kamera ya nyuma utakutoa jasho kuupitisha chini ya kapeti la dari.

Ya tatu nawapa BlackVue au Thinkware, kwa anayelaza gari nje na kutaka lilindwe likiwa limezimwa. Superkapasita zipo, lakini bei zao zinaumiza. Hapo fundi aunge waya kwenye boksi la fyuzi, tena aweke kifaa cha kukata umeme volti za betri ya gari zikishuka, la sivyo asubuhi utasukuma gari.

Za bei chee zisizo na jina? Pita.

Kinachoniudhi zaidi ni maboksi. Limeandikwa 4K kwa herufi kubwa, kumbe sensa ni ya 1080p na picha imevutwa tu. Halafu kamera inauzwa bila kadi, na ukiomba kadi unapewa ile ya simu, ambayo haikutengenezwa kufutwa na kuandikwa upya kutwa nzima. Dai kadi iliyoandikwa "Endurance", kama Samsung PRO Endurance. Yule aliyeniuzia ile iliyofura nilipomrudia alinijibu, "Dada, si ungekuwa unaegesha kivulini?"