Bima iliyoniambia taya la mwanangu ni urembo

Nyota moja, na hiyo ni ya mlinzi wa getini aliyenipa kiti. Kampuni siitaji jina kwa kuwa bado nawadai, lakini aliyewahi kupanga foleni kwenye dirisha lao ataitambua kwa baridi ya kiyoyozi na kiburi cha wahudumu.

Binti yangu alianguka akiwa mdogo, akapiga kidevu sakafuni. Kiungo cha taya kikagandana, mdomo ukawa haufunguki vizuri, na taya la chini likadumaa huku uso wote unaendelea kukua. Sasa yuko sekondari. Kidevu kimerudi nyuma, kijiko anakiingiza kwa ubavu, na usiku anakoroma mpaka pumzi inakatika, mimi nipo macho nasubiri irudi. Daktari wa upasuaji wa kinywa na taya alitueleza taratibu kabisa: taya likiwa dogo ulimi unakosa nafasi, unarudi nyuma, unaziba njia ya hewa. Akajaza fomu ya kuomba kibali cha upasuaji, tukaipeleka bima.

Dada wa dirishani hakuinua hata macho. Akabonyezabonyeza kompyuta yake, kisha akasema kwa sauti iliyofika benchi la mwisho: "Mama, kurekebisha mpangilio wa meno ni urembo. Urembo hatulipii." Nikamwambia dada yangu, hapa hatuzungumzii meno, ni taya. Ndipo akamtazama mwanangu, akamkagua kidevu kama anayechagua nyanya sokoni. "Mbona yuko sawa tu? Si anakula?" Binti akapandisha barakoa. Corona imetuacha zamani, yeye barakoa haimtoki usoni, na watu wa aina hii ndio wanaomfanya asiivue.

Nilitetemeka kwa hasira. Ningeweza kumalizia hapa, ila siyo haki, kwa sababu nilipoisoma ile fomu nikakuta imeandikwa K07.4. Kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-10, hiyo ni meno kutokutana vizuri, bila maelezo zaidi. Kasoro kubwa za ukubwa wa taya ni K07.0. Tofauti ni tarakimu moja baada ya nukta! Kwa mtu wa bima, nne ni msichana anayetaka waya za meno apendeze kwenye picha, sifuri ni mgonjwa. Na nne hiyo haikuandikwa na bima, iliandikwa hospitali. Daktari alikuwa ameandika kwa maneno "taya dogo la chini", mtu wa chumba cha madai akageuza kuwa namba.

Basi nikawahamia hospitali na hasira zangu zote. Nikakuta kijana mpole, shikamoo mama, karibu mama, akafungua faili, akaona, akabadilisha palepale. Hata kugomba sikupata nafasi. Tena nikasema kwa haki, bima hii nisiitukane sana: mdogo wake huyu nilimzaa kwa upasuaji kwa kadi yao na sikutoa hata mia. Nikawa nimepanga kuwapa nyota tatu.

Fomu ikarudi tena. "Taarifa hazijitoshelezi. Fafanua taya lipi, na ni kubwa au dogo." Na hapa, inaniuma kusema, wana hoja. Hiyo K07.0 ni kapu moja: taya la juu, la chini, lililozidi, lililopungua, yote humo. Wamarekani kwenye toleo lao wameyatenganisha, dogo la chini ni M26.04, kubwa la chini ni M26.03, dogo la juu M26.02, na wameyaweka kwenye sura ya mifupa na misuli. Orodha tunayotumia sisi imeyaweka kwenye sura ya mfumo wa chakula, ukoo mmoja na vidonda vya tumbo na kidole tumbo. Toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022, nalo limeyaacha kwenye sura hiyohiyo. Sasa mtu ameshakuuliza "si anakula?", halafu karatasi inamwambia huu ni ugonjwa wa mfumo wa chakula, atakuelewa saa ngapi?

Lakini ngoja. Maelezo walikuwa nayo! Barua ya daktari ilibanwa nyuma ya fomu pamoja na eksirei ambayo hata mtoto wa darasa la pili angeona upungufu uko wapi. Hawakufunua ukurasa wa pili. Wanasoma kisanduku chenye namba, basi.

Daktari akaandika barua upya, safari hii akaipandisha mbele. Ujumbe ukaja kwenye simu: kibali kimetoka. Nilipiga vigelegele jikoni. Kuja kusoma vizuri, wamekubali chumba cha upasuaji, dawa ya usingizi na kitanda. Kilichokataliwa ni kile chuma cha kurefusha taya. Sababu waliyotoa: "kifaa cha meno".

Chuma hicho kinafungwa kwa skrubu kwenye mfupa uliokatwa, halafu kinazungushwa kidogokidogo, kama milimita moja kwa siku, mfupa mpya uote katikati. Bila hicho wanafungua taya la mwanangu kufanya nini? Nyota tatu nimezifuta, na nikikumbuka "urembo haulipiwi" hata hiyo moja naiona nyingi. Daktari ameniazima chuma cha mfano, kiko kwenye mkoba wangu. Jumatatu namwekea yule dada juu ya kaunta, anionyeshe hilo ni jino la ngapi.