Miche ya viungo kwenye vitalu vya Tanga: lipia rozimari, kotimiri waachie

Kwenye vitalu vya kando ya barabara mjini Tanga, miche ya majani ya viungo hupangwa mbele kabisa, mahali mpita njia anapoifikia kwa mkono. Mteja akishapitisha kiganja juu ya mrehani na kukinusa, biashara imefika nusu. Lakini harufu ni ya majani, na mche hununuliwa kwa mizizi. Tumepima hapa bidhaa tano za kawaida za vitalu hivyo, yaani mrehani, rozimari, mnanaa, mchaichai na kotimiri, pamoja na udongo wa kiroba na chupa ya dawa inayouzwa pembeni. Mbili kati ya hizo tano zinastahili pesa yako. Mbili nyingine utazipata Mgandini au soko la Ngamiani kwa bei ya fungu la kutia kwenye chai. Moja haikupaswa kuwekwa kwenye kiriba, yaani kile kimfuko cha plastiki cha kuoteshea mche, kabisa.

Tuanze na hiyo ya mwisho. Kotimiri, ambayo wengine huiita giligilani, ina mzizi mkuu mmoja unaoshuka chini moja kwa moja. Ukiuvuruga wakati wa kuhamisha, mmea hushtuka na kukimbilia kutoa maua. Joto la Tanga nalo linausukuma huko huko. Kiriba cha kotimiri kilichojaa majani na kupendeza machoni kwa kawaida kimebakiza siku chache. Tazama majani ya juu: yakiwa membamba kama nyuzi badala ya kuwa mapana yenye meno, shina la maua limeshaanza kupanda na hakuna mbolea itakayolirudisha. Kununua mche huo ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nenda duka la viungo, omba punje nzima ambazo hazijakaangwa. Zijaribu kwanza: funga punje 10 kwenye kitambaa kibichi na usikiache kikauke kwa siku 14. Zikiota 6 au zaidi, panda kwa kawaida. Zikiota 3 hadi 5, panda kwa wingi zaidi. Chini ya hapo zirudishe jikoni zikaingie kwenye pilau. Kila punje ni mbegu mbili zilizokumbatiana, kwa hiyo ikandamize taratibu kwa kitako cha bilauri mpaka igawanyike, loweka usiku kucha, kisha fukia sentimita 1 papo hapo itakapokulia. Mistari iachane sentimita 20, na miche ikishaota punguza ibaki moja kila sentimita 5 hadi 8. Utaanza kukata majani ya pembeni baada ya siku 35 hadi 45, ukiacha kiini cha katikati kiendelee. Miezi mizuri kwake hapa ni Juni mpaka Agosti, wakati wa kusi, jua likiwa limepunguza ukali. Januari na Februari usijisumbue, isipokuwa una kivuli cha mchana. Na panda kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili, maana aliyepanda yote siku moja atavuna mara moja na nusu, kisha anabaki na maua.

Rozimari ndiyo yenye bei kubwa kuliko wenzake, na bei hiyo ina sababu. Haioteshwi kwa mbegu kwa urahisi. Hukatwa vipandikizi vya sentimita 10 hadi 15, na kipandikizi huchukua wiki 4 mpaka 8 kutoa mizizi ya kutegemea. Mwenye kitalu anayekuuzia mche uliokwisha shika amekufanyia kazi ya miezi miwili. Tatizo ni yule anayechomeka kijiti kwenye kiriba Jumatatu na kukiuza Ijumaa. Majani ya rozimari ni magumu na hubaki ya kijani siku nyingi hata kijiti kikiwa hakina mzizi hata mmoja, hivyo jicho halitakusaidia. Shika shina karibu na udongo, livute juu kwa upole, kama unayejaribu mlango bila kutaka kuufungua. Likija, rudisha na ondoka. Likikaa, geuza kiriba: unataka kuona ncha chache za mizizi myeupe kwenye matundu. Mizizi ya kahawia inayonuka uvundo ni ya mche uliooza kwa maji.

Na maji ndiyo yanayoua rozimari Tanga, si jua. Mmea huu asili yake ni kandokando ya bahari ya Mediterania, kwenye mawe na mteremko, na masika yetu kwake ni mafuriko. Ushauri unaotolewa karibu kila kitalu, "mwagilia asubuhi na jioni", ni sahihi kwa mchicha na ni hukumu ya kifo kwa rozimari. Ipande kwenye chombo chenye matundu 6 au 8 chini, mchanganyiko uwe sado 2 za mchanga wa mtoni kwa sado 2 za udongo na sado 1 ya samadi iliyooza. Chomeka kidole mpaka kifundo cha pili, na kama kuna unyevu wowote, acha. Aprili na Mei isogeze chini ya upenu. Kama mche umeshushwa kutoka Lushoto, ambako ni milimani na kuna baridi, uweke kwenye kivuli wiki nzima kabla ya kuutoa juani hatua kwa hatua. Usikate chochote miezi mitatu ya kwanza. Baada ya hapo vuna ncha laini za sentimita 5 hadi 10. Ukikata mpaka kwenye mti mkavu usio na majani, tawi hilo halitachipua tena.

Mrehani unastahili pesa pia, mradi ujue unauziwa upi. Pwani tuna wetu wa majani madogo, mara nyingi wenye mashina ya zambarau, ule unaoingia kwenye kikuba, kile kishada cha kunukia, pamoja na asumini. Ni mgumu, unavumilia, na harufu yake inajaza ua. Kisha kuna wa majani mapana, laini, uliotuna, ambao wapishi wanautaka kwa mchuzi wa nyanya na samaki. Vitaluni yote huitwa mrehani, na mara nyingine hata kivumbasi huchanganywa humo. Sugua jani: kivumbasi kina manyoya na harufu inayoelekea karafuu, na kikiachwa huwa kichaka kinachompita mtoto urefu. Ni kizuri kwa kufukuza mbu, lakini usikitie kwenye mchuzi.

Kosa la kawaida la kununua mrehani ni kuchagua wenye maua. Unaonekana umekomaa, kumbe umeshaanza kufunga duka: ukishatoa maua, majani yanakuwa madogo na machungu kidogo. Chagua mfupi, wenye jozi 3 au 4 za majani. Jambo lingine ni kwamba wauzaji wengi hurusha mbegu nyingi kwenye kiriba kimoja ili kionekane kichaka. Hapo mnunuzi mjanja anafaidika. Kiriba chenye mashina manane ni miche minane kwa bei ya mmoja. Kilowanishe, kipasue, tenganisha mizizi taratibu ndani ya beseni la maji jioni, panda kila mmoja umbali wa sentimita 30, na uwafunike kwa kivuli siku 3. Ukiwaacha wote pamoja watanyang'anyana na kubaki wembamba.

Kuvuna mrehani ndiko kuulea. Ukifika sentimita 15 hadi 20, kata shina kuu juu kidogo ya jozi ya pili ya majani kutoka chini. Kwenye kila kikwapa cha jani kuna chipukizi linalosubiri, na baada ya kukata yanatoka mawili badala ya moja. Rudia kila siku 10 hadi 14, usizidishe theluthi moja ya mmea kwa mkupuo, na vikonyo vya maua vikitokeza vinyofoe siku hiyo hiyo. Anayechuma jani moja moja kutoka chini anaishia na mti mrefu wenye shungi juu, halafu analaumu kitalu. Vuna asubuhi, umande ukishakauka. Usiuweke kwenye friji, kwa sababu baridi huyaunguza majani yakawa meusi usiku mmoja tu. Simamisha mashina kwenye glasi ya maji mezani, badilisha maji kila siku.

Aina ya majani mapana ina adui mmoja hapa, nao ni ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu ambao kwenye mrehani uliripotiwa kwanza nchini Uganda miaka ya 1930. Jani hugeuka njano katikati ya mishipa kama lenye njaa ya mbolea, na wengi hukimbilia kuongeza samadi. Geuza jani: ukiona vumbi la kijivu linaloelekea zambarau upande wa chini, si njaa. Ng'oa majani hayo, yafunge kwenye mfuko, panua nafasi upepo upite, na maji yamwagwe shinani asubuhi, kamwe si juu ya majani jioni. Mrehani wa kikuba husumbuliwa kidogo zaidi na mambo haya.

Mnanaa na mchaichai tusizikalie sana. Mnanaa wa kiriba si mbaya, ila fungu la sokoni linatosha: chagua mashina 5 imara, kata chini ya kifundo yabaki sentimita 10, ondoa majani ya chini, weka kwenye glasi ya maji kivulini. Mizizi hutoka ndani ya siku 7 hadi 14. Panda kwenye chombo kipana, si kirefu, na peke yake, kwa sababu mashina yake ya kutambaa hayana adabu na yatameza jirani. Jua la asubuhi linamtosha. Madoa ya rangi ya kutu chini ya majani yakianza, kata kila kitu mpaka usawa wa udongo na uchome. Mnanaa utachipua upya ukiwa safi.

Mchaichai nao, cha kutazama ni kitako. Wauzaji wengine hukata juu sana ili fungu lipendeze, na shina lisilo na kile kisahani kigumu cha chini halitatoa mzizi hata ulibembeleze. Lenye kitako lisimamishe kwenye maji ya sentimita 3, badilisha kila siku mbili, na baada ya wiki mbili au tatu lipande likiwa limekatwa majani yabaki sentimita 15. Mashina 3 kwa shimo, mashimo yaachane sentimita 60. Ukataji wa kwanza ni baada ya miezi 4 hivi, ukiacha sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi. Jirani yeyote mwenye kichaka atakupa bure, tena atashukuru, maana baada ya miaka miwili mitatu lazima kigawanywe.

Udongo wa kiroba ndio uliotukatisha tamaa kuliko vyote. Mara nyingi ni mchanga uliotiwa rangi na samadi ambayo haijaiva. Tia mkono ndani kabisa: joto na harufu kali ya zizi ni dalili kwamba bado inaoza, na itaunguza mizizi michanga. Finya konzi moja yenye unyevu. Ikishikana kisha ikavunjika kwa kuguswa, nunua. Ikimwagika kama mchanga wa pwani au ikabaki donge kama la mfinyanzi, acha. Kwa mrehani, mnanaa na kotimiri changanya mwenyewe: sado 3 za udongo wa juu, 2 za samadi iliyokaa miezi kadhaa, 1 ya mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufukweni una chumvi, usiuguse. Makumbi ya nazi yaliyosagwa husaidia kushika maji, lakini nayo hubeba chumvi, kwa hiyo yaloweke na kuyasuuza mara tatu kabla ya kuyatumia.

Chumvi hiyo hiyo ndiyo sababu ya miche mizuri kufa kwenye nyumba za karibu na bahari, upande wa Raskazoni kwa mfano, ambako upepo nao huileta hewani. Ncha za majani zikikauka kahawia huku udongo una unyevu, onja maji ya kisima chako. Kama yana ladha, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa ni bora kuliko mbolea yoyote, na mara moja moja mwagilia kwa wingi mpaka maji yatiririke chini ya chombo, yaondoke na chumvi.

Ile dawa ya kwenye chupa ya soda, isiyo na lebo, usinunue hata ukipewa kwa hisani. Majani haya yanaliwa mabichi, na bila lebo huwezi kujua ni sumu gani wala siku ngapi za kusubiri kabla ya kuvuna. Kwa vidukari na inzi weupe, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita 1, nyunyiza chini ya majani jioni, suuza asubuhi, rudia baada ya siku 5.

Kuhusu huduma, wauzaji wengi ni wakarimu na bei inapatanika, hasa ukichukua viriba vitatu na kuendelea. Watakuchagulia mche mkubwa wakidhani wanakupendelea. Mwambie, "Kaka, nipe ule mfupi wa nyuma, uniruhusu nitazame chini ya kiriba." Anayekubali bila kununa, rudi kwake. Nenda mwanzoni mwa vuli, Oktoba, uwe na chombo na udongo tayari nyumbani kabla ya kununua. Mche ukikaa kwenye kiriba cheusi juani siku tatu ukisubiri ndoo itobolewe, mizizi inapikwa.