Bushi za Saspensheni: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Bushi ya mpira, kiungo kati ya amu (mkono wa chuma unaoshika gurudumu) na bodi ya gari, haizunguki kama beringi. Ndani ina bomba dogo la chuma linalobanwa na bolti, nje ina gamba la chuma lililoshindiliwa kwenye tundu la amu, na katikati ni mpira ulioshikishwa kwenye chuma hizo kwa joto kiwandani. Amu ikipanda na kushuka, mpira unajisokota kisha unarudi. Kwa hiyo unacholipia ni mpira na jinsi ulivyoshikana na chuma. Gamba linalong'aa ni pambo tu.

Nafasi ya kwanza ni bushi ya mpira yenye kipimo cha kiwandani, iwe jenuini au ya mtengenezaji mwingine wa kuaminika anayefuata namba ileile ya spea. Ugumu wake umepigiwa hesabu pamoja na springi na shokapu. Kama ya awali ilikuwa na majimaji ndani, rudisha ya majimaji. Ukiweka ya mpira mtupu, usukani unaweza kuanza kutetema unapofunga breki.

Ya pili ni amu nzima yenye bushi na boljointi (kiungo cha tufe upande wa gurudumu). Hii huipiku ya kwanza boljointi inapokuwa imelegea, tundu limeliwa na kutu, au fundi hana presi (mashine ya kushindilia na kutoa bushi). Tatizo lake: amu inaweza kuwa imara huku bushi zilizomo ni dhaifu, nawe hukuzichagua.

Poliuretheni (plastiki ngumu inayonyumbuka) ninaiweka ya tatu, ingawa wapenda mwendo watanuna. Kwa kipimo cha ugumu kiitwacho Shore A, mpira wa kawaida huwa kama 50 hadi 70, poliuretheni ya magari mara nyingi 80 hadi 95. Gari hushika kona vizuri zaidi, ila mtikisiko wa barabara unaingia ndani. Nyingi hazijisokoti bali huteleza juu ya bomba, hivyo zisipopakwa grisi ya silikoni hulia kama mlango mkavu. Usiziweke mahali ambapo amu hupinda pande kadhaa kwa pamoja.

Za mwisho ni zile zisizo na jina wala namba. Kagua ukingo mpira unapokutana na chuma. Ukiona mwanya, rudisha.

Aina yoyote utakayochukua, nunua za kushoto na kulia pamoja.

Kwenye kufunga ndiko hata bushi bora hufia. Kabla ya kuitoa ya zamani, weka alama inavyoelekea, maana zenye nafasi wazi kwenye mpira zimetengenezwa kulegea upande mmoja na kukaza upande mwingine. Presi isukume gamba la nje peke yake. Ukisukuma bomba la kati, umeuchana mpira kabla gari halijatoka gereji. Zile zisizo na gamba, lainisha kwa maji ya sabuni, kwani oili na grisi ya kawaida huvimbisha mpira.

Kisha bolti. Ziingize zote bila kukaza, shusha gari likae kwa uzito wake juu ya tairi, au inua amu kwa jeki hadi kimo hicho, ndipo ukaze kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari. Ukikaza gurudumu likiwa linaning'inia, mpira utabaki umesokotwa muda wote gari likiwa chini, na utachanika mapema mno. Mwisho pima alaimenti (mkao wa magurudumu), tairi zisianze kulika upande mmoja.