Ripoti ya mto ya kulipia: "maji safi, yanashuka" huku mto unajaa

Huduma hii ya ripoti za mito ya trauti (samaki wa maji baridi) nimeilipia msimu mzima, na nilikuwa karibu kuipa nyota nne. Sasa nasita kati ya mbili na moja. Chanzo ni mstari mmoja waliotuma kwenye simu asubuhi moja mwanzoni mwa majira ya joto: "Maji safi, yanashuka. Hali bora." Mto wenyewe ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, umebeba matawi na povu, na ulikuwa unapanda.

Najua atatokea wa kusema mto hubadilika. Ndiyo, hubadilika, ila kwa utaratibu unaojulikana, na ndiyo sababu tunamlipa mtu autazame kwa niaba yetu.

Kijito cha mlimani kinacholishwa na theluji hupanda na kushuka kila siku. Jua huyeyusha theluji kwa nguvu kuanzia adhuhuri hadi alasiri, kisha maji hayo huchukua saa kadhaa kuteremka. Karibu na theluji mto hujaa jioni hiyohiyo. Ukishuka bonde kilomita thelathini au arobaini, kilele kinaweza kufika usiku wa manane, pengine alfajiri. Kwa hiyo juu kabisa unavua tangu asubuhi hadi karibu saa sita mchana, kabla maji mapya hayajafika. Chini bondeni, asubuhi hiyohiyo unaweza kukuta mto umevimba kwa theluji ya jana, na nafasi yako ikawa mchana. Usiku ukiwa wa baridi kali kiasi cha kugandisha theluji, kesho yake mto hupungua. Usiku ukiwa na joto, au mvua ikinyesha juu ya theluji, mto haupati pumziko na kesho hakuna cha kutafuta.

Wao hutoa namba moja ya mtiririko kwa siku, na namba hiyo ni wastani. Wastani wa mto unaopanda jioni na kushuka asubuhi haumsaidii mvuvi kwa lolote, maana trauti hawali kwa wastani. Maji yakiwa yanapanda, hasa ile saa ya kwanza au ya pili, mkondo huokota uchafu wote wa kingoni, samaki huhama sehemu zao na hufunga midomo. Maji yakianza kushuka na kusafika, hata kidogo tu, hurudi kula. Kinachotakiwa kujua ni mto unaelekea wapi saa hii, na hicho ndicho walichokikosea.

Kibaya zaidi ni mahali namba ilikotoka. Ripoti ilikuwa ya vijito vilivyo juu ya bwawa. Namba ililingana hadi tarakimu ya mwisho na kituo cha kupimia kilicho chini ya bwawa. Hayo ni mambo mawili yasiyohusiana kabisa. Chini ya bwawa maji hutolewa kwa kufungua milango, mara nyingi kutoka kina cha chini, yakiwa baridi na safi hata kama juu kote kumetibuka. Unaweza kukuta mtiririko wa chini ya bwawa unapungua kwa sababu bwawa linajazwa, na wakati huohuo vijito vinavyolijaza vinafurika. Anayeandika ripoti za mito kwa malipo akikosa kutofautisha hayo, sijui analipwa kwa kazi gani.

Na takwimu zenyewe ni za bure. Marekani, kwa mfano, shirika la serikali la USGS huweka wazi vipimo vya mito, kwa kawaida kila dakika 15, katika futi za ujazo kwa sekunde (mita moja ya ujazo ni kama futi 35.3 za ujazo). Fungua grafu ya siku tano ya kituo kilicho juu ya bwawa. Mpando wa jioni utauona wazi, na saa ya maji kuwa chini kabisa utaisoma mwenyewe. Kama vilele vya kila siku vinazidi kuwa vifupi, huenda theluji inakaribia kwisha. Mto usio na bwawa kama Yellowstone kwa kawaida hufikia kilele chake cha mwaka Juni, na hakuna grafu ya mahali pengine inayoweza kuusemea.

Niliwaandikia kwa adabu, nikaambatanisha grafu. Jibu likaja: "Ndugu, maji yakikushinda kavue bwawani. Wateja wetu ni wavuvi."

Hapo ndipo nyota ya tatu ilipoondoka. Kosa la kituo lingerekebishwa kwa dakika mbili. Hawakurekebisha. Ripoti ilibaki vilevile hadi jioni, na mtu mwingine asiyejua kusoma mto angeweza kuifuata.

Si suala la kukosa samaki tu. Ripoti hiyohiyo ilishauri kuvuka kwenda ng'ambo "kwenye kina cha magoti". Kina cha magoti cha saa ngapi? Msukumo wa maji huongezeka kwa mraba wa kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, maji yanakusukuma mara nne. Unavuka asubuhi maji yakiwa magotini, unavua ng'ambo kwa raha, alasiri unageuka kurudi na palepale pamekuwa mapajani na pana kasi nyingine. Wakati wa theluji mvuvi hapaswi kuvuka mahali ambapo hawezi kupavuka maji yakipanda shubiri mbili zaidi. Ukivuka, kaza mkanda juu ya suruali ya mpira ili isijae maji, fungua vifungo vya begi ili uweze kulivua, mkongojo uwe upande maji yanakotoka, na uende kimshazari kuelekea chini ya mkondo, mguu mmoja ukisimama imara ndipo mwingine usogee. Hayo yote ripoti haikuyagusa.

Kujua kama mto unapanda hakuhitaji huduma yoyote. Tafuta jiwe kubwa kingoni lililozama nusu. Kama juu ya maji kuna ukanda wa jiwe uliolowa, mto unashuka. Kama maji yanagusa jiwe kavu, lenye vumbi na vipande vya majani yaliyokauka, unapanda. Ukishindwa kuamua, chomeka kijiti pale maji yanapoishia, rudi baada ya dakika ishirini. Kuhusu rangi, simama kwenye maji ya magoti uangalie viatu vyako: ukiona ncha zake, samaki wataona chambo. Maji ya kijani yenye ukungu kidogo ni mazuri, hata bora kuliko maji meupe kabisa, kwa sababu trauti hawaogopi sana. Ya kahawia ambayo huoni hata magoti yako, ondoka, panda juu hadi kwenye kijito kidogo kilichokwisha kumaliza theluji yake.

Vifaa walivyopendekeza siku hiyo: nzi wa juu (chambo bandia kinachoelea) namba 18, ndoana ndogo sana, na uzi wa mwisho (ule unaofungwa kwenye chambo) wa 6X. Nimesoma mara mbili nisiamini. 6X ni unene wa milimita 0.13. Huo ni uzi wa siku za mwishoni mwa majira ya joto, maji yakiwa machache na meupe, samaki wakihesabu kila fundo. Kwenye maji ya theluji samaki wa nusu kilo akigeukia mkondo tu, umekatika, naye anabaki na ndoana mdomoni. Nina hakika waliinakili kutoka ripoti ya mwezi mwingine.

Maji yakiwa mengi, trauti hawakai katikati. Wanabanana kando: nyuma ya mwamba, upande wa ndani wa kona, chini ya majani ya kingo, na kwenye mpaka wa maji ya kasi na maji tulivu, mara nyingi hatua moja tu kutoka nchi kavu. Anayeingia mtoni kabla ya kuvua ukingo amewakanyaga. Chambo kiende chini na upesi: tunutu (chambo bandia cha mfano wa mdudu mchanga wa majini) mzito namba 8 mwenye kichwa cha tangsteni, madini mazito, kisha sentimita 40 za uzi wa 4X (milimita 0.18), kisha tunutu mdogo namba 14 au 16. Maji yakiwa na rangi, uzi wa kwanza uwe 3X, mnene zaidi. Chelezo kiwe juu ya chambo kwa takriban mara moja na nusu ya kina cha maji. Kama chambo hakigusi chini hata mara moja katika mirusho minne au mitano, ongeza chubwi, sentimita 15 hadi 20 juu ya tunutu. Kama kinakwama kila mrusho, punguza. Wengi hubadili chambo mara kumi kabla hawajabadili uzito hata mara moja, na uzito ndio uliokuwa tatizo.

Nitende haki: kalenda yao ya wadudu ni nzuri kweli. Sijaona bora zaidi, na ndiyo iliyonifanya nilipe. Wanafuata joto la maji badala ya tarehe, jambo ambalo ni sahihi. Wanaeleza vizuri jinsi Pteronarcys californica, wale wadudu wakubwa wa mawe wanaoishi majini miaka mitatu au zaidi wakiwa tunutu, wanavyotambaa kingoni maji yakifika kama nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi, na jinsi kuibuka kwao kunavyopanda mto siku hadi siku, kama kwenye mto Madison huko Montana mwishoni mwa Juni na kuingia Julai. Wanashauri uangalie magamba matupu juu ya mawe, uvue kidogo juu ya pale yalipoishia. Ushauri huo ni wa mtu aliyesimama mtoni. Ukurasa wa kadisi (wadudu wengine wa majini) wa jioni nao ni mzuri. Kwa hayo nilitaka kurudisha ile nyota ya tatu, kusema kweli.

Joto la maji pia wanaliweka, ila bila saa, na bila saa halina maana. Kijito cha theluji kinaweza kuwa nyuzi 5 asubuhi na 10 alasiri. Chini ya 7 hivi trauti hawakimbizi kitu, lazima chambo kipite mbele ya pua. Kati ya 10 na 16 wanakula vizuri. Kuanzia 19 au 20 unaacha kuvua, maana samaki aliyechoka katika maji ya joto huachiwa hai akafia mbele. Pima mwenyewe, kivulini, kipimajoto kikiwa chini ya maji dakika mbili.

Nilikuwa nimefika hapa kwenye tathmini, nyota tatu zikinijia tena, nikaifungua ramani yao kutazama kama wamerekebisha kile kituo. Hawajarekebisha. Na nimeona kitu ambacho sikukitazama vizuri awali: mshale unaoelekeza wavuvi wasimame kwenye changarawe ya maji mafupi, penye "sakafu safi na rahisi kutembea".

Sakafu hiyo ni safi kwa sababu trauti wameifagia kwa mikia. Trauti wa upinde wa mvua na wale wa cutthroat hutaga majira ya kuchipua, na kwenye vijito vya juu vyenye baridi huendelea hadi mwanzo wa majira ya joto. Jike huchimba kishimo, hutaga, hufunika. Linabaki duara la changarawe nyeupe katikati ya mawe yenye ukoga. Katika nyuzi 10 mayai huchukua kama mwezi kuanguliwa, na vifaranga hukaa ndani ya changarawe wiki kadhaa zaidi wakila kiini chao. Buti moja inawasaga. Samaki walioonekana juu ya duara hilo hawarushiwi chambo, wanapitwa mbali, na mvuvi hutembea juu ya mawe makubwa au nje ya maji kabisa.

Nyota moja. Wamenipa mwezi wa bure kama fidia ya usumbufu, ujumbe mfupi, bila kugusia kituo wala lugha waliyonijibu. Sitaki mwezi wa bure. Kalenda ya wadudu nitaikosa, na hata hivyo sitalipa tena hadi waufute mshale ule.