Kutengeneza tovuti: bei ya mkupuo au ada ya kila mwezi?

Mteja mwenye duka la vipuri hapendi maneno mengi, anauliza, "Jumla shilingi ngapi?" Hapo bei ya mkupuo inafaa. Mnakubaliana, anatanguliza nusu kwa M-Pesa, unaanza kazi. Ubaya wake huanza siku unayosema umemaliza. "Kaka, nibadilishie hiyo picha kidogo tu." Kesho anataka ukurasa wa bei, keshokutwa kitufe cha WhatsApp, na yote kwake ni "kidogo tu" kwa sababu ameshalipa. Usipoandika mapema kwamba marekebisho ni mara mbili na yanayozidi hapo yanalipiwa, utafanya kazi ya bure hadi uchoke.

Ada ya mwezi ni ndogo, lakini inaingia. Na ina sababu: tovuti ya WordPress (programu ya kujengea tovuti) haijitunzi yenyewe. Programu-jalizi zake, yaani vijiprogramu vinavyoiongezea uwezo, hutolewa matoleo mapya kila mara, na ile iliyoachwa bila kusasishwa ndiyo mlango wa wadukuzi. Jina la tovuti, lile linaloishia na .co.tz, nalo hulipiwa upya. Likisahaulika, tovuti na barua pepe za ofisi zinazotumia jina hilo vinazimika pamoja. Tabu ni kwamba mwezi usio na hitilafu mteja huona analipia hewa. Mtumie ripoti fupi: nini kimesasishwa, nakala rudufu imehifadhiwa lini.

Mimi ningetoza mkupuo kwa ujenzi na ada kwa matunzo, mikataba ikiwa miwili. Ila mwenye ukurasa mmoja wa mawasiliano, usioguswa mwaka mzima, ada ya nini? Mwachie mkupuo tu.