Cat R1300G: inafaa shaba, haifai makaa ya mawe

Kwenye shimo la shaba au zinki, kama lile la Kipushi huko Kongo, Cat R1300G, mashine ya kuchota na kubeba mawe chini ya ardhi, ni ya kutegemewa. Godeti yake ya kawaida, ile ndoo ya mbele, ina mita za ujazo 3.1, na mashine inabeba tani 6.8. Mawe ya madini hayo yakishapasuliwa huwa na tani mbili na zaidi kwa mita ya ujazo, hivyo godeti ikijaa na mzigo umetimia. Anayetaka kuikodi kwa makaa ya mawe, tuseme ya Luena, hukohuko Kongo, afanye hesabu kwanza.

Makaa yaliyovunjwa yana tani 0.85 hivi kwa mita ya ujazo. Godeti iliyojaa kwa asilimia 90 inabeba tani 2.4 tu. Njia ikiwa mita 200 na mwendo kilomita 8 kwa saa, kwenda na kurudi ni sekunde 180. Kuchota, kugeuza na kumwaga weka 75. Unapata mizunguko 14 kwa saa, tani 33 basi. Punguza njia iwe mita 100, mizunguko inapanda hadi 21. Umbali unakula kazi kuliko injini dhaifu.

Kubwa zaidi ni gesi. Makaa hutoa methani, nayo ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Bomba la moshi la mashine hii ya kawaida huchemka, na umeme wake haukukingwa dhidi ya cheche. Penye methani isiingie kabisa, hata ukipewa bure.

Migodi ya makaa hutumia pia kipakiaji chenye mikono miwili inayozoa makaa hadi kwenye mnyororo wa kupandishia. Hicho kinapakia upesi, lakini kikijaza gari kwa dakika 1 kisha kikangoja jingine dakika 2, theluthi mbili za zamu zimepotea. Usikilaumu, ongeza magari, au sogeza karibu mahali pa kupishana.

Tukirudi kwenye R1300G, tairi za mbele ndizo zinazofilisi. Shofere ashushe godeti iwe sawa na sakafu, aingie kwenye rundo kwa gia ya kwanza, na mara mashine inapokwama ainue godeti kidogo ndipo aikunje kwa nyuma. Kule kuinua kunaongeza uzito kwenye tairi za mbele, zisizunguke bure. Mawe makubwa yasiyopasuka vizuri huiacha godeti nusu tupu, na sakafu yenye maji huficha mawe makali yanayochana tairi.

Kabla ya kutia sahihi mkataba wa kukodi, mwambie mwenye mashine abonyeze godeti chini mpaka magurudumu ya mbele yanyanyuke, kisha aiachie. Simama kando, mbali na kiungo cha katikati, pale mashine inapojikunja ikikata kona, ukitazama pini za kiungo hicho. Zikicheza kwa kuonekana, bushi, yaani vikombe vinavyoshika pini, zimekwisha. Dai zibadilishwe kwanza.